Breki Haipakwi Alizeti

Nyumbani kwetu kuko juu, na karibu kila tunachokihitaji kiko chini. Shule anayofundisha Mwalimu iko chini. Soko liko chini, zahanati iko chini, na hata simu ikigoma kushika mtandao, dawa yake ni kuteremka. Ndiyo maana huku kwetu Lushoto mtu akinunua baiskeli, wazee hawamuulizi inakimbia kiasi gani. Kukimbia si kazi, mlima wenyewe utaikimbiza. Wana swali lao moja tu, na siku Mwalimu aliporudi kutoka Tanga na baiskeli ya mlimani ya mtumba, mama yake mzazi alimuuliza kabla hata hajaitikia shikamoo yake.

"Inasimama?"

"Mama, hii imetoka Japani. Ina giya ishirini na saba."

"Sikukuuliza giya. Inasimama?"

Mwalimu, ambaye ndiye mume wangu, akacheka na kuigeuza baiskeli juani ili diski zing'ae. Kwa maelezo yake, hizi hazikuwa breki za watu wa kawaida. Hazina waya. Ndani ya mpira mwembamba mna mafuta. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukuma pistoni mbili ndogo, pistoni zinasukuma pedi, na pedi zinaikamata diski pande zote mbili. Kidole kimoja tu kinatosha! Hilo la kidole kimoja alilirudia kwa kila jirani, mpaka kwa muuza maandazi, aliyemwambia kwamba yeye ana vidole kumi na hana haraka.

Bibi ana sababu ya kuuliza anachouliza. Marehemu mume wake alikuwa na Phoenix, ile nyeusi ya Kichina yenye breki za fimbo, ambapo vyuma vyembamba huvuta raba juu mpaka ziguse ringi. Wakati wa jua zilifanya kazi yake. Masika yakianza, ringi ile ya chuma yenye kromu ikilowa, raba zinateleza tu juu yake, na Babu alishuka mlima wote kwa miguu akiikokota. Watu wa siku hizi wanamcheka mtu anayeikokota baiskeli kwenye mteremko. Bibi hacheki. "Babu yenu alichelewa kila mahali," husema, "lakini hakuna mahali ambapo hakufika."

Basi miezi ya kiangazi ikapita kwa amani. Mwalimu akishuka asubuhi kwa kidole kimoja, akipanda jioni kwa giya ndogo kuliko zote, uso umemvimba kwa fahari na kwa kukosa pumzi.

Kisha mvua ikanyesha. Udongo wetu ni mwekundu na unanata, hauachi kitu. Ukaingia kwenye kalipa, ukaingia kati ya pedi na diski, na breki zikaanza kulia. Akishuka kutoka dukani, Mwalimu akiwa bado kona ya juu, huku nyumbani kuku wanatawanyika na mimi najua ni wakati wa kubandika chai. Waliofaidi zaidi ni wanafunzi wake. Kelele ikisikika tu kutoka barabarani, darasa zima linanyamaza na kila daftari linafunguka. Mwalimu aliichukua hali hiyo kuwa nidhamu, hadi siku alipopita nyuma ya dirisha na kusikia mtoto akiwaambia wenzake, "Kaeni vizuri, Ambulensi imefika."

Jioni ile hakula.

Kilio cha breki ya diski kina sababu nyingi, na zote tumekuja kuzijua baadaye kwa gharama yetu. Kuna maji na matope. Kuna pedi zilizoungua kwa joto mpaka uso wake ukang'aa. Kuna kalipa iliyokaa upande, kuna bolti iliyolegea, kuna grisi iliyorukia diski kutoka kwenye mnyororo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kuongeza mafuta. Lakini Mwalimu anafundisha hesabu, na mtu wa hesabu akishapata kanuni haiachi. Mlango ukilia tunaupaka mafuta. Cherehani ikilia tunaipaka mafuta. Jumamosi asubuhi nikaikuta chupa yangu ya alizeti imeshuka chini ya nusu, na unyoya wa kuku uliolowa umelala kando ya baiskeli.

"Mwalimu, mafuta yangu yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda kwenye maendeleo."

Akaikokota baiskeli hadi dukani kule juu ili ashuke nayo watu wakisikia jinsi isivyosikika. Na kweli, haikusikika. Bibi alikuwa uani anachagua maharage kwenye ungo, mimi nafua, kijana wetu wa kidato cha tatu anajifanya anasoma. Barabara ilikuwa kimya kabisa. Tukamwona Mwalimu anatokea kona ya juu, amekaa wima, anatabasamu. Tukamwona anaikaribia nyumba. Tukamwona anaipita nyumba.

"Huyu naye anakwenda wapi tena?" Bibi akauliza.

Alikuwa amebana breki zote mbili, tena kwa vidole vyote vya mikono miwili, na tabasamu limebaki palepale kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuliondoa. Chini ya lango letu barabara inakata kona, na mtu asiyekata kona ana mambo mawili ya kuchagua: korongo upande wa kushoto, au shamba la kabichi la jirani upande wa kulia. Kwa hilo nampa sifa zake. Alichagua kabichi.

Mwili wake ulitoka na michubuko tu. Kesi ndiyo iliyotuumiza. Jirani alikwenda kwa balozi na orodha aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: kabichi zilizovunjika, kabichi zilizopasuka, na kabichi zilizoshtuka. Mwalimu akahoji hizo zilizoshtuka zimepimwa kwa kipimo gani. Jirani akajibu kwamba mtu aliyepaka breki mafuta hana haki ya kuuliza vipimo. Balozi, mtu wa busara, aliamua kwamba zilizovunjika na zilizopasuka zilipwe, na zilizoshtuka ziachiwe Mungu. Tukalipa, tukazibeba. Watoto wakala kabichi mpaka wakaanza kuulizia mchicha kwa hamu. Nilizipika bila kukaanga, maana alizeti ilikuwa kwenye diski.

Hapo ndipo alipotufikia Baba Mdogo, mdogo wake Mwalimu, dereva wa Noah kati ya Lushoto na Mombo. Shemeji huyu ni mtu mwema sana, na wema wake umetugharimu kuliko uadui wa watu wengine. Aliikagua baiskeli akagundua jambo la pili: ilipoanguka, usukani uligeuka ukauvuta mpira wa breki ya mbele, na mafuta yake ya ndani yalikuwa yakivuja kwenye maungio. Mkono wa breki ukiubana unafika mpaka kwenye usukani bila kukutana na kitu.

"Hili dogo," akasema, akakaza maungio na kutoa kwenye gari chupa ya mafuta ya breki.

Kijana wetu akainama akasoma maandishi madogo kwenye kifuniko cha mkono wa breki. "Baba Mdogo, hapa wameandika mafuta ya madini tu. Hayo yako ni DOT 4."

"Mwanangu, mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Mimi nimeshusha abiria milima hii tangu hujazaliwa."

Kijana hakuwa anabisha kwa utoto. Breki za baiskeli zinazotumia mafuta zimegawanyika katika makundi mawili yasiyochangamana. Kuna zinazotumia mafuta ya madini, kama zile za Shimano, na kuna zinazotumia mafuta ya aina ya DOT, jamii moja na ya kwenye magari. Sili za mpira zilizomo ndani hutengenezwa kwa ajili ya aina moja tu. DOT ina tabia nyingine mbili: hufyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya muda, na hula rangi. Hiyo ya pili niliihakikisha mwenyewe, kwa sababu shemeji alimimina juu ya kigoda changu cha bluu, na kila tone lilipotua rangi ilinyanyuka ikabaki mbao.

Ile jioni ya kwanza breki ilikuwa ngumu na nzuri, na Baba Mdogo akala chakula cha mshindi. Lakini sili zilikuwa zinavimba kimyakimya. Pistoni zikawa nzito kurudi, pedi zikabaki zimeikumbatia diski, na asubuhi moja Mwalimu alipotaka kutoka, gurudumu la mbele likakataa kuzunguka kabisa. Akaivuta. Akaisukuma. Akaipiga teke, akaumia kidole.

Bibi akainua macho kutoka kwenye ungo wake. "Sasa inasimama," akasema.

Ikapelekwa Soni juu ya keria ya Noah, kwa nauli kamili, kwa sababu Baba Mdogo alikuwa amekasirika kwamba hatukumwamini aliposema tatizo ni hali ya hewa. Fundi wa pale ni mzee wa maneno machache. Aliinusa diski. Akamtazama Mwalimu. Akainusa tena.

"Mwalimu, hapa mmekaanga nini?"

Aliposimuliwa, aliweka spana chini na kuzungumza kwa upole ambao watu huutumia msibani. Mnyororo ndio wa kupaka mafuta, tena kidogo, na ukishapaka unaufuta. Breki kazi yake ni kukwaruzana, na mafuta kazi yake ni kuzuia mkwaruzano, kwa hiyo ukivikutanisha lazima kimoja kishindwe. Diski ni chuma, inafutika kwa spiriti safi isiyo na manukato na kitambaa kipya. Pedi zina matundu madogo madogo, zikishakunywa mafuta ndiyo basi. Wapo wanaozichoma jikoni na kuzisugua kwa msasa, na zikashika kwa siku mbili tatu, lakini yeye hamrudishii mtu mwenye watoto pedi za namna hiyo. Zile za Mwalimu akazitupa. Sili za breki ya mbele nazo zimekwisha. Tukatafakari tunataka breki gani, turudi kumwambia.

Kikao kikafanyika usiku ule, na kila mtu alikuja na breki yake.

Mwalimu alitaka za mafuta tena, mpya. Hoja yake ilikuwa na uzito: zina nguvu, hazichoshi mkono kwenye mteremko mrefu, na pedi zikilika pistoni zinasogea zenyewe kufidia. Nikamuuliza mafuta yake ya madini yanauzwa duka gani hapa Lushoto, na sindano za kutolea hewa atazipata kwa nani. Akasema yataagizwa. Nikasema na yeye basi atakuwa anaagizwa, hadi yafike.

Bibi alitaka breki za raba. Hizi za kisasa zenye mikono miwili mirefu inayobana ringi, Shimano walizileta mwaka 1996, na raba zake unazipata hata kwa muuza viberiti. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kutuonyesha kwamba fremu ya diski haina vichuma vya kufungia mikono ile, na ringi zake hazina ubavu wa kubanwa. Halafu kuna matope yetu: mchanga unajikita kwenye raba na kuisaga ringi kidogo kidogo hadi inakuwa nyembamba.

Kijana akaleta hadithi ya Marekani. Mwaka 1976, kule Fairfax jimboni California, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli za zamani zilizokuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zile za kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakifika chini, grisi ya ndani ilikuwa imeungua na kutoa moshi, ikabidi kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kutengeneza fremu maalumu kwa ajili ya milima, na ndipo ukoo wa baiskeli hizi ulipoanzia.

"Kumbe," akasema Bibi, "imezaliwa na ugonjwa huu."

Mwalimu akaona mjadala unamponyoka, akachukua chaki akaugeuza mlango wa jiko kuwa ubao. Mtu na baiskeli yake na mzigo, kilo 100. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inateremka karibu mita 1,000. Zidisha, pata kilojuli 980 hivi. Upepo utachukua sehemu yake, lakini kama zote zingeishia kwenye breki, ni joto la kutosha kuchemsha lita tatu za maji.

"Chai ya nyumba nzima," nikasema.

"Na yote inapikwa kwenye kipande cha chuma chembamba," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu anunue ile baiskeli sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikiliza anachosema. Kwenye breki za raba joto hilo huingia kwenye ringi, likapasha tairi na tyubu, na kiraka kilichobandikwa kwa solusheni kinaweza kuachia katikati ya mteremko. Kwenye diski linabaki mbali na tairi. Diski ikiwa kubwa zaidi, inashika kwa nguvu zaidi na kupoa haraka zaidi.

Hivyo tukafika kwenye uamuzi ambao Fundi alikuwa nao tangu mwanzo ila alikuwa anatusubiri: breki za diski zinazovutwa kwa waya. Zinabana kwa nguvu kidogo pungufu, na pedi zikilika lazima uzisogeze mwenyewe kwa kukaza, lakini waya unapatikana popote penye baiskeli, na fundi yeyote anaujua. Mikono ya breki ilitoka kwenye baiskeli ya zamani ya kijana iliyokuwa inaota kutu chooni. Ilikuwa ya breki za raba, na hiyo huvuta urefu wa waya unaofaa kalipa nyingi za diski za baiskeli za mlimani. Mbele Fundi akaweka diski ya milimita 180, nyuma akaiacha ya 160, kwa sababu ukibana breki uzito mwingi hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa.

Kwenye pedi napo palikuwa na la kuchagua. Za resini ni za upole, hazina kelele sana, zinashika hata zikiwa baridi, ila matope na mchanga huzimaliza upesi. Za chuma huvumilia mvua na joto na hudumu, lakini hulia zaidi. Mwalimu, kwa kumbukumbu ya lile jina la darasani, alitaka za resini. Fundi akamuuliza kama anataka heshima au anataka kufika. Zikafungwa za chuma.

Pedi mpya hazipelekwi mteremkoni siku hiyohiyo. Zinafundishwa kwanza. Kwenye barabara tambarare ya shule Mwalimu alikimbiza baiskeli mwendo wa wastani, akabana mpaka ikawa mwendo wa kutembea, akaachia kabla gurudumu halijasimama, akarudia. Watoto walikaa ukutani wakihesabu kwa sauti hadi ishirini, breki ya mbele, kisha ya nyuma. Mazoezi hayo hupaka tabaka jembamba la pedi juu ya diski, na bila hilo breki mpya haiumi sawasawa. Wapita njia walidhani Mwalimu anajifunza kuendesha.

Tangu hapo matunzo yako chini ya Bibi, aliyejipa cheo hicho bila kupigiwa kura. Kila Jumamosi baiskeli inaletwa mbele yake. Mkono wa breki ukikaribia usukani, waya unakazwa. Waya ukiwa na uzi mmoja uliokatika karibu na kichwa chake, unabadilishwa, hakuna cha kungoja wiki ijayo. Pedi zinachunguliwa kwa tochi: sehemu ya kukwaruza ikibaki nusu milimita, zinatolewa. Diski mpya ina unene wa milimita 1.8, na ikishuka hadi 1.5 imestaafu. Wakati wa kuosha, mnyororo unapakwa mafuta kwa tone, diski ikiwa imefunikwa kwa mfuko, na anayeshika diski kwa vidole vyenye mafuta ya maandazi anaifuta kwa spiriti mbele ya mashahidi.

Na uendeshaji nao umebadilika. Mwalimu anapunguza mwendo kabla ya kona, haingojei kona imkute. Anabana, anaachia, diski zipate kupumua. Hashuki mlima mzima akiwa ameminya kidogo tu, kwani huko ndiko kuziunguza. Akifika chini hagusi diski kwa mkono. Baba Mdogo aliigusa, akitaka kuthibitisha kwamba zile hesabu za mlangoni ni za vitabuni. Kidole chake kilifungwa bandeji, na sasa anaendesha Noah kwa vidole tisa huku akieleza abiria habari za joto.

Breki bado hulia kidogo asubuhi za mvua, kisha pedi zinakauka na kunyamaza. Wanafunzi hawajaliacha lile jina.

Kwa hiyo msomaji, ukienda kununua baiskeli ya mlimani ya mtumba, giya ziangalie mwisho. Bana breki ya mbele, isukume baiskeli kwa nguvu; bana ya nyuma, ivute. Gurudumu likizunguka, pesa irudi mfukoni hadi ujue ni kwa nini. Uliza pedi zake zinauzwa wapi, kama ni ya mafuta uliza ni mafuta gani, na ni fundi yupi wa karibu anayeiweza, maana breki nzuri kuliko zote ni ile ambayo kijijini kwenu kuna mtu wa kuitengeneza. Na siku ikianza kulia, ikokote mpaka kwa fundi huyo ikiwa inalia vilevile. Alizeti iache jikoni.